Lugha ya tarakilishi isifungiwe kabatini mwa mwenye duka

Kiswahili tunachokizungumza na kukifundisha hakina mwenyewe anayekitoza ushuru. Mchuuzi wa Kongowea hamlipi mtu yeyote kwa kumwita mteja, wala mwalimu wa Kakamega haombi kibali kutoka Unguja ili aandike sentensi ubaoni. Lahaja ya Kiunguja ilipochaguliwa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930, watetezi wa Kimvita na Kiamu walinung'unika, na hadi leo wapo wasioridhika. Hata hivyo kanuni za tahajia zilitangazwa hadharani, na kamusi ilichapishwa mwaka 1939. Aliyekuwa na bei ya kitabu aliweza kujifunza, kuandika na kujibizana na wenziwe bila kumwamkia mtu mlangoni.

Hebu tuwaze kwamba mambo yangekuwa kinyume. Tuwaze kwamba kamusi ni moja tu, nayo imefungiwa kabatini mwa mfanyabiashara mmoja. Atakaye kuandika barua hana budi kununua kalamu dukani mwake, kwa sababu kalamu nyingine haziyajui maneno. Barua iliyoandikwa kwa kalamu hiyo haisomeki ila kwa miwani inayouzwa katika duka lilo hilo. Kila baada ya miaka michache mwenye duka hubadilisha tahajia, na barua za zamani hudai miwani mipya. Hapana shaka msomaji atasema kwamba huo ni udhalimu ambao hakuna taifa lingeukubali.

Udhalimu wa aina hiyo, tukielezwa kuhusu lugha ya binadamu, hutuchekesha. Katika lugha ya tarakilishi umetendwa kwa miaka mingi, nasi tumeuzoea. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ulivyotendwa katika programu za ofisini, na kwa nini walimu na wanafunzi wetu wanapaswa kuujali.

Neno itifaki tumelizoea katika dhifa za kitaifa: nani aketi wapi, nani asalimiwe kwanza, wimbo upigwe lini. Tarakilishi nazo zina itifaki zao. Mashine mbili zinapotaka kupelekeana habari, ni lazima zikubaliane nani aanze kusema, ajitambulishe vipi, habari ikatwe vipande vya ukubwa gani, na neno gani lionyeshe kwamba mazungumzo yamekwisha. Bila mapatano hayo waya huwa umejaa kelele tu. Itifaki, kwa hivyo, ni lugha ya mashine pamoja na adabu zake.

Zipo itifaki za wazi. Ile inayosafirisha barua pepe duniani kote, iitwayo SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel na kutangazwa mwezi wa Agosti mwaka 1982. Waraka wake husomwa bure na yeyote. Amri zake ni chache, na mwanafunzi wa kidato cha pili akifunzwa vyema anaweza kuziandika kwa vidole vyake mwenyewe, moja baada ya nyingine, hata barua ikafika. Kwa sababu hiyo mtu wa Garissa aliye na programu ya kampuni hii humwandikia mtu wa Toronto mwenye programu ya kampuni ile, na hakuna anayeuliza mwenzake amenunua nini.

Lakini kazi za ofisi hazimalizwi na barua. Shule ina ratiba ya vipindi, daftari la anwani za wazazi, kalenda ya mikutano, orodha ya kazi zilizogawiwa walimu, na nyaraka zinazopitia mikono ya watu wengi kabla ya kutiwa sahihi. Programu zinazoshughulikia mambo haya yote kwa pamoja, ili watu wengi wafanye kazi kama kwamba wameketi meza moja, tuziite programu za kazi za pamoja. Humo ndimo lugha za siri zilimojikita kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Tuanze na mkongwe wao. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mwanafunzi aitwaye David Woolley aliandika programu ndogo iliyowawezesha watumiaji wa mtambo wa mafunzo ulioitwa PLATO kuandikiana maelezo na kujibizana. Baadaye wanafunzi wengine wa chuo hicho, akiwamo Ray Ozzie, walilibeba wazo hilo hadi katika biashara. Ozzie alianzisha kampuni ya Iris mwaka 1984, na mwezi wa Desemba mwaka 1989 kampuni ya Lotus ikaanza kuuza matunda ya kazi yao kwa jina la Lotus Notes.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Notes ilikuwa kazi ya watu wenye akili. Kila ofisi iliweka nakala ya kumbukumbu zake katika seva yake yenyewe, na seva hizo zilipigiana simu mara kwa mara ili kupashana mabadiliko tu, pasipo kurudia mambo yote. Ofisi iliyokatikiwa na laini iliendelea kufanya kazi, na laini iliporudi nakala zikasawazishwa. Vilevile Notes ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza za kibiashara kumpa kila mtumiaji funguo zake za kutia sahihi na kuzifunga barua zisisomwe na asiyehusika. Anayeyajua matatizo ya simu na stima katika nchi zetu ataona mara moja thamani ya ubunifu huo.

Dosari ilikuwa mahali pengine. Lugha ambayo mteja na seva ya Notes walizungumza, iitwayo NRPC, ilikuwa mali ya kampuni. Ilipita katika mlango wake wenyewe, nambari 1352, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya programu za kampuni hiyo zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 1996 seva hiyo, iliyopewa jina la Domino, ilifunzwa pia kuzungumza lugha za wazi za intaneti. Lakini moyo wa kazi, yaani zile kumbukumbu za pamoja na ule usawazishaji wa nakala, ulibaki katika lugha ya nyumbani. Ofisi iliyokuwa imejenga mamia ya kumbukumbu ndani ya Notes haikuweza kuhama kwa kubadilisha programu tu. Ilibidi ihame kama mtu anayebomoa nyumba na kubeba matofali moja moja.

Na nyumba hiyo iliuzwa zaidi ya mara moja wapangaji wakiwa ndani. Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus kwa dola bilioni 3.5. Mwaka 2019 IBM nayo ikaikabidhi Notes, pamoja na programu zake nyingine kadhaa, kwa kampuni ya HCL ya India katika mauzo ya dola bilioni 1.8. Sisemi kwamba mauzo hayo yalikuwa haramu, wala kwamba mmiliki mpya ni mbaya kuliko wa kale. Ninachosema ni kwamba mpangaji hakuulizwa. Aliamka asubuhi akapewa jina la mwenye nyumba mpya, na kwa kuwa vyombo vyake vyote vilikuwa vimepigiliwa misumari ukutani, hakuwa na la kufanya ila kusubiri aone kodi itakuwaje.

Kisa kizito zaidi ni cha Uswidi. Katika miaka hiyo sheria za Marekani zilizuia kupeleka nje ya nchi programu zenye kufuli madhubuti, na kikomo kilichokubaliwa kwa kawaida kilikuwa ufunguo wa biti 40. Wamarekani wenyewe walitumia Notes yenye ufunguo wa biti 64. Ili kuwauzia wageni kitu kinachokaribia hicho, Lotus ilifanya mapatano na serikali yake, na Ozzie akayatangaza mwezi wa Januari mwaka 1996. Mgeni naye angepewa ufunguo wa biti 64, lakini biti 24 kati ya hizo zingefungwa kwa ufunguo wa shirika la ujasusi la NSA na kuambatishwa na ujumbe. Kwa mwizi wa kawaida kufuli ilikuwa ya biti 64. Kwa NSA ilikuwa ya biti 40 tu.

Wanafunzi wa hisabati na waifanye hesabu hiyo. Kila biti inayojulikana hupunguza kazi ya mvunja kufuli kwa nusu. Biti 24 zikijulikana, kazi hupungua mara 16,777,216. Shughuli ambayo ingemchukua mtu mwaka mzima humalizika kwa muda usiozidi sekunde mbili.

Mwezi wa Novemba mwaka 1997 gazeti la Svenska Dagbladet liliwaeleza Waswidi kwamba wabunge wao na watumishi wa idara yao ya kodi walikuwa wakitumia programu hiyo. Mshangao ulikuwa mkubwa, maana mpango uliotangazwa mkutanoni Marekani haukuwa umewafikia masikioni wale waliokuwa wakizifunga siri za nchi yao kwa kufuli hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili na ushei baadaye, mwezi wa Januari mwaka 2000, Marekani ililegeza sheria zake za kuuza kufuli nje.

Hapa panahitaji kufikiriwa kwa makini. Wako watakaosema kwamba kosa lilikuwa la sheria ya Marekani, na kwamba itifaki haina hatia. Ni kweli kwamba sheria ndiyo iliyodai ule ufunguo wa ziada. Lakini jiulize, msomaji: kama lugha ya Notes ingekuwa wazi, Waswidi wangefanya nini? Wangewaita wahandisi wao wenyewe, ambao ni hodari, wawaandikie programu inayozungumza lugha ileile kwa kufuli iliyotengenezwa kwao. Sheria ya Marekani haikuwa na nguvu Stockholm. Iliyokuwa na nguvu Stockholm ni lugha iliyofungwa, iliyomlazimu Mswidi kuchukua kufuli ya Marekani kama ilivyo, au kuacha kila kitu. Sheria ya taifa moja ilisafiri ndani ya programu hadi katika bunge la taifa jingine.

Sasa tumtazame mshindani wa Notes. Microsoft ilitoa seva ya Exchange mwaka 1996, na programu ya Outlook ikafuata mwaka 1997. Hizi mbili nazo zilizungumza lugha yao ya ndani, iliyojengwa juu ya mfumo ulioitwa MAPI. Exchange ilikubali kutoa barua kwa itifaki za wazi, lakini kalenda, daftari la anwani na orodha za kazi zilihudumiwa kikamilifu kwa Outlook tu. Na hivyo ndivyo kifungo cha aina hii kinavyofanya kazi. Barua huruhusiwa kutoka, ratiba ya mikutano hubaki, na mtu hawezi kuiacha ratiba yake nyuma.

Waliojaribu kuingia kwa njia nyingine walipata taabu. Kampuni ndogo ya Ximian ilitengeneza kiungo cha kuiwezesha programu yake, Evolution, kuzungumza na Exchange ya mwaka 2000. Kwa kuwa mlango mkubwa haukujulikana unavyofunguliwa, kiungo hicho kilipitia dirishani, yaani katika njia iliyowekwa kwa ajili ya wanaosoma barua zao kwa wavuti. Novell iliinunua Ximian mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikakitoa kiungo hicho bure kwa umma. Baadaye Microsoft iliiondoa njia hiyo ya dirishani katika Exchange ya mwaka 2010. Haikuvunja sheria yoyote, kwani nyumba ni yake na dirisha ni lake. Lakini aliyejenga maisha yake juu ya dirisha la jirani ajue kwamba siku moja litazibwa.

Wengine waliamua kujifunza lugha yenyewe kwa kusikiliza. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, akiwa Canberra nchini Australia, alianza kazi iliyokuja kuitwa Samba, ya kuziwezesha mashine za aina nyingine kugawana mafaili na zile za Microsoft. Alipoeleza njia yake alitoa mfano wa mtu asiyejua Kifaransa anayeketi mkahawani Ufaransa. Humsikiliza mteja akisema maneno fulani, kisha huona mhudumu analeta nini. Akirudia hivyo mara nyingi, hujua neno la mkate na neno la kahawa pasipo kumwuliza mtu wala kuiba kamusi. Kila mwalimu wa lugha anaitambua njia hii, kwani ndiyo anayoitumia mtoto mchanga nyumbani. Mradi mwingine, OpenChange, ulijengwa juu ya kazi ya Samba ili kuisoma lugha ya Exchange kwa subira iyo hiyo. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba watu wa kipawa hicho walitumia miaka mingi kukisia mambo ambayo tayari yalikuwa yameandikwa katika karatasi za watu wengine.

Hatimaye sheria iliingilia kati, na haikuingia kwa haraka. Kampuni ya Sun ilipeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Ulaya mwezi wa Desemba mwaka 1998, ikidai kwamba Microsoft ilikuwa ikiwanyima wengine habari za jinsi seva zao zingeweza kuelewana na Windows. Tume ilitoa uamuzi tarehe 24 Machi 2004: faini ya Yuro milioni 497, na amri ya kuzitoa habari hizo kuhusu seva za kugawana mafaili, kuchapisha na kusimamia watumiaji. Mahakama iliukubali uamuzi huo katika mambo yake makuu tarehe 17 Septemba 2007. Mwezi wa Desemba mwaka huo Samba walilipa Yuro 10,000, kupitia wakfu ulioundwa kwa kazi hiyo, wakapewa nyaraka. Mwezi wa Februari mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuziweka hadharani zaidi ya kurasa 30,000 za itifaki zake, na mwezi wa Aprili zikaongezwa kurasa 14,000 nyingine, zikiwamo za Exchange.

Mtoto wa Kenya aliyeingia darasa la kwanza mwezi mmoja baada ya malalamiko yale alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa KCPE na kuingia kidato cha kwanza kabla ya mahakama kutoa hukumu. Haki ilipatikana, lakini waliokuwa wadogo sokoni mwaka 1998 wengi hawakuwapo tena kuifurahia. Na jambo moja zaidi linafaa kukumbukwa: kurasa hizo zilipotolewa, mbingu hazikuanguka. Microsoft inaendelea kuuza na kupata faida hadi leo. Iliyodaiwa kuwa siri isiyoweza kutolewa bila kuiua kampuni ilitolewa, na kampuni haikufa.

Haki inataka tuzisikilize pia hoja za upande wa pili, nazo ni tatu. Ya kwanza ni kwamba aliyetumia akili na fedha zake kubuni kitu ana haki ya kufaidika nacho. Hoja hii ni nzito, nami siipingi. Mwenye kiwanda cha kalamu auze kalamu zake, na akiwa fundi kuliko wengine, auze kwa bei ya juu. Ninachopinga ni kuuza kalamu kwa kuificha alfabeti. Programu ya Outlook na ibaki mali ya waliyoitunga, msimbo wake na wautunze. Kanuni za mazungumzo baina ya mashine mbili zijulikane, kwa sababu mazungumzo yana pande mbili, na upande wa pili ni wetu.

Hoja ya pili ni kwamba kamati huenda mwendo wa kinyonga ilhali mfanyabiashara hukimbia. Hili nalo lina ukweli. Muundo wa wazi wa kuandika matukio ya kalenda ulitangazwa mwaka 1998, na itifaki ya wazi ya kuzifikia kalenda hizo kwenye seva, CalDAV, haikukamilika hadi mwaka 2007. Miaka tisa ni mingi, na Notes na Exchange zilikuwa zikiwahudumia watu muda huo wote. Lakini leo simu za mkono za makampuni tofauti huweza kusoma kalenda moja kwa CalDAV. Kilichochelewa kilifika, na kilipofika kikawa cha wote.

Hoja ya tatu, kwamba siri ndiyo usalama, haina miguu ya kusimamia. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa mwalimu wa lugha jijini Paris, aliandika kwamba mfumo mzuri wa maandishi ya siri ni ule ambao adui akiukamata wote haumsaidii kitu, maadamu hana ufunguo. Wataalamu wameufuata msimamo wake tangu wakati huo. Mfano tunao mifukoni mwetu. WhatsApp ilikamilisha kuzifunga barua za watumiaji wake mwaka 2016 kwa itifaki ya Signal, ambayo maelezo yake yamechapishwa kwa yeyote atakaye kuyakagua. Kufuli iliyo wazi kwa wakaguzi ndiyo inayoaminika. Iliyofichwa humficha fundi mbaya sawasawa na inavyomficha fundi hodari.

Huenda mwalimu akasema kwamba Uswidi ni mbali na shule yake haina Notes wala Exchange. Nami namkumbusha kwamba tumewahi kuonja faida ya lugha ya wazi hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijatufikia, kituo cha mashirika ya mazingira cha ELCI jijini Nairobi kilikuwa na kiungo cha Fidonet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984. Tarakilishi moja, modemu moja na laini ya simu ya kawaida zilitosha. Mashine zilipigiana, zikabadilishana barua, kisha zikakata simu. Kanuni za Fidonet zilikuwa zimechapishwa, na kwa hivyo wenye fedha kidogo na ujuzi wa wastani waliweza kujiunga bila kungoja muuzaji awaone kuwa soko.

Vilevile Wakenya tunajua adha ya mitandao isiyosemezana. Ilikuwa kazi kumtumia fedha kwa simu mtu aliye katika mtandao mwingine, hadi mwaka 2018 makampuni yalipounganisha huduma zao na fedha zikapita moja kwa moja kutoka mkoba mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyelalamika kwamba mambo yameharibika. Katika ujumbe, hata hivyo, bado tuko katika zama za vijumba. Makundi ya wazazi na walimu yamejaa WhatsApp, na mzazi anayetumia programu nyingine hawezi kuingia humo kwa programu yake. Nchi za Ulaya zimetunga sheria ambayo tangu mwezi wa Machi mwaka 2024 inaitaka Meta kuifungulia WhatsApp mlango kwa huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa. Sheria hiyo inawalinda watu wa Ulaya. Sisi haitufiki.

Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika sehemu ya 38, inampa mtu haki ya kupewa habari zake katika muundo unaotumika kwa kawaida na unaosomeka na mashine, na ya kuzipeleka kwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyodaiwa huchacha kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni.

Basi shule inapoletewa mfumo wa kutunza ratiba, alama za mitihani, barua na mikutano, awe muuzaji anatoka Nairobi au California, mwalimu mkuu na bodi yake wamwulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, siku tukiamua kuhama tutaondoka na nini, na katika muundo gani? Wamtake aonyeshe kwa vitendo, palepale, jinsi ratiba nzima inavyotolewa na kusomwa na programu isiyo yake. Pili, ni nani mwingine anayeweza kuzungumza na seva hii? Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, wajue kwamba bei waliyotajiwa leo ni ya kuingilia tu. Tatu, ufunguo wa barua zetu uko mikononi mwa nani, na sheria za nchi gani zinamwamuru? Waswidi hawakuliuliza swali hilo mapema.

Nanyi wanafunzi, msiridhike kujifunza mahali pa kubonyeza. Kujua kubonyeza programu ya mtu ni kujua njia za duka lake. Zisomeni itifaki zenyewe. Nyaraka za SMTP, za CalDAV na za nyingine nyingi husomwa bila malipo, na anayeweza kuchambua sentensi changamano ya Kiswahili ana akili ya kuchambua mazungumzo ya mashine mbili. Tridgell alianza peke yake, kwa masikio na subira. Siku shule zetu zitakapokuwa na vijana kumi wanaoweza kukaa katika mkahawa huo na kuelewa kinachoagizwa, muuzaji atakayekuja na kamusi iliyofungwa ataulizwa ufunguo wake mlangoni, kabla hajaketi.